Vijia vya Mbooni: Mkimbiaji atazame kwanza maji yanapopita

MTU anayetaka kukimbia kutoka Tawa hadi katika msitu wa Mbooni, Kaunti ya Makueni, hahitaji kuchongewa njia. Njia zipo tele: za wanafunzi, za wachota maji, za ng'ombe, za wachuuzi wanaokatiza kwenda sokoni na za waumini wanaoteremka kanisani Jumapili asubuhi. Kazi iliyopo ni kuchagua. Baadhi ya vijia hivyo vimekanyagwa vizazi kwa vizazi na bado ni imara. Vingine, vikipitiwa na watu mia moja katika asubuhi moja ya mvua, vitakuwa makorongo kabla ya msimu mwingine wa kupanda kuwadia.

Suala hili limepata uzito kwa kuwa mbio za milima na vijia si tena mchezo wa wachache huko Ulaya. Shirikisho la riadha duniani liliutambua rasmi mchezo wa mbio za vijia mwaka 2015, na mwezi wa Novemba 2022 mashindano ya dunia ya pamoja ya mbio za milima na vijia yakafanyika kwa mara ya kwanza jijini Chiang Mai, Thailand. Wakenya hawakubaki nyuma. Lucy Wambui Murigi alikuwa tayari ametwaa ubingwa wa dunia wa mbio za milima mara mbili mfululizo, Premana nchini Italia mwaka 2017 na Canillo, Andorra, mwaka 2018. Patrick Kipngeno akashinda mbio za kupanda mlima kule Chiang Mai, kisha akautetea ubingwa huo Innsbruck, Austria, mwaka 2023. Mwaka huohuo Philemon Kiriago aliibuka wa kwanza katika Sierre-Zinal ya Uswisi, mbio za kilomita 31 zenye mpando wa jumla wa mita 2,200, ambazo wapenzi wa mchezo huu huzihesabu miongoni mwa mbio kongwe na zenye hadhi kubwa.

Ukambani kwa upande wake haujawahi kuwa na uhaba wa wakimbiaji. Mike Musyoki alipata nishani ya shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Benson Masya ndiye aliyekuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni, Newcastle, mwaka 1992. Cosmas Ndeti alishinda marathoni ya Boston miaka mitatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Patrick Makau aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:03:38 jijini Berlin mnamo Septemba 25, 2011, na Alexander Mutiso akashinda ile ya London mwaka 2024. Majina yote hayo, hata hivyo, yalijengwa uwanjani au juu ya lami. Milima iliyo nyuma ya nyumba zao haikuwahi kuhesabiwa kuwa uwanja.

Kabla ya kuuhesabu hivyo, ni vyema kueleza mchezo wenyewe unadai nini. Mbio za milima si mbio za nyika zilizowekwa penye mwinuko. Kanuni za kimataifa zinataka wastani wa mwinuko wa njia uwe kati ya asilimia 5 na asilimia 25, yaani mita 50 hadi 250 za kupanda katika kila kilomita, na zinapendelea asilimia 10 hadi 15 ili mtu aweze kukimbia badala ya kutambaa. Mbio za vijia hazina masharti hayo ya mwinuko, ila sehemu ya lami haitakiwi kuzidi robo ya njia. Kwa hiyo umbali peke yake hauelezi chochote. Waandaaji wa kimataifa huongeza kilomita moja ya hesabu kwa kila mita 100 za kupanda. Njia ya kilomita 5 inayopanda mita 500 huhesabiwa sawa na kilomita 10 za tambarare, na mkimbiaji anayeiona kuwa fupi hujuta kabla ya kufika nusu.

Wanaotembea nao wana kipimo chao. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alipendekeza kukadiria saa moja kwa kila maili tatu na saa nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda. Tukichukua takriban kilomita 5 kwa saa na mita 600 za kupanda kwa saa, kijia hicho cha kilomita 5 kitamgharimu mtembeaji mwenye afya karibu saa moja na dakika 50. Ni hesabu ya zamani, lakini bado inafaa kwa mtu asiyekuwa na saa ya setilaiti mkononi, na inafaa zaidi kwa yule anayehitaji kujua kama giza litamkuta msituni.

Mbooni inayatimiza masharti hayo bila shida. Makueni ni kaunti inayoshuka kutoka milima yenye kimo cha karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari hadi nyanda zenye kimo cha mita 600 hivi kuelekea Tsavo. Milima ya Mbooni na Kilungu ndiyo kilele cha mteremko huo. Tawa iko chini, mahali ambapo joto na vumbi ni mambo ya kawaida; Kikima iko juu, mahali ambapo watu huvaa sweta mwezi wa Julai. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi, na mvua ya milimani huzidi maradufu ile ya nyanda za chini. Ndiyo sababu misitu imebaki huko juu, na ndiyo sababu watu pia wamesongamana huko huko, wakilima kahawa, mahindi, maharagwe na maparachichi katika miteremko ambayo mgeni angedhani haiwezi kushika hata mbuzi.

Kwa Wakamba, Mbooni ni zaidi ya milima. Masimulizi ya kale yanaitaja kuwa makao ya mwanzo ya kabila hilo, na kwamba kutoka hapo koo zilisambaa hadi Iveti, Kilungu, Kitui na kwingineko. Jina lenyewe huelezwa kuwa lilitokana na nyati waliokuwa wakiishi huko. Nyati hao walikwisha kutoweka, lakini njia za miguu hazikutoweka. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilisafirisha pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa, na mfanyabiashara mashuhuri Kivoi wa Kitui ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mmishonari Ludwig Krapf mwaka 1849, pale Krapf alipouona Mlima Kenya kwa mara ya kwanza. Watu waliokwenda pwani na kurudi kwa miguu walijua jambo ambalo mkimbiaji wa leo analazimika kujifunza upya: njia nzuri ya mlimani haiendi moja kwa moja. Hukata ubavu wa kilima kwa mshazari, ikipanda polepole, na hugeuka pale mwinuko unapozidi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mkimbiaji na maji ya mvua wanapendezwa na njia ileile. Wote wawili hutafuta mteremko mfupi na wa moja kwa moja kutoka juu kwenda chini. Kijia kinachoteremka wima hugandamizwa na miguu, udongo wake hushindwa kunywa maji, nyasi hufa, na mvua inaponyesha kinakuwa mfereji. Maji hayawezi kutoka kando kwa sababu kijia kimeshakuwa chini kuliko kingo zake. Yanaongeza kasi na kubeba udongo, na katika misimu michache tu kijia huwa korongo la kina cha goti. Wapitaji huliepuka korongo kwa kukanyaga pembeni, na hapo korongo la pili huanza.

Mahali pengine hasara ya namna hiyo ingekuwa ya msitu tu. Mbooni ni hasara ya chakula, kwa kuwa chini ya msitu kuna matuta, na historia ya matuta hayo haipaswi kupuuzwa na mtu yeyote mwenye nia ya kupitisha mbio humo.

Katika miaka ya 1930 Wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 1992, ilitajwa na wakoloni kuwa mfano wa ardhi iliyokwisha. Ofisa wa kilimo Colin Maher aliandika mwaka 1937 ripoti zilizochora picha ya vilima vilivyokwanguliwa hadi mwamba. Serikali ililaumu mifugo, ikaanza kuwanyang'anya watu ng'ombe na kuwapiga mnada. Mwaka 1938 Wakamba zaidi ya elfu moja walikwenda Nairobi kwa miguu kupinga amri hiyo, wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu, ambaye baadaye alihamishiwa Lamu kwa nguvu. Amri ya kupunguza ng'ombe ililegezwa. Udongo, hata hivyo, uliendelea kuteremka mtoni.

Kilichouokoa hakikuwa amri. Baada ya miaka ya kulazimishwa kuchimba mitaro isiyodumu, wakulima walichagua wenyewe aina ya tuta iliyowafaa, ile ambayo leo inajulikana kwa jina la Kiswahili hata katika vitabu vya wataalamu wa Ulaya na Asia: fanya juu. Mkulima huchimba mtaro kwa kufuata usawa wa kilima na kuutupa udongo upande wa juu. Udongo huo huwa ukingo, ukingo hupandwa mabingobingo au nyasi nyingine, na kila mvua hukusanya nyuma yake tabaka la udongo. Baada ya miaka kadhaa mteremko hugeuka kuwa ngazi zenye sakafu karibu tambarare. Kazi hiyo ilifanywa kwa jembe na koleo, mara nyingi na vikundi vya ujima viitwavyo mwethya, ambavyo wanawake ndio walikuwa nguzo yake.

Matokeo yake yaliwashangaza watafiti. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha katika kitabu chao cha mwaka 1994 kwamba idadi ya watu wa Machakos ya zamani iliongezeka kutoka takriban 240,000 mwaka 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, ilhali mmomonyoko ulipungua na mavuno kwa kila mtu yakaongezeka. Wengi walitarajia kinyume.

Sasa fikiria mkimbiaji mmoja anayeteremka akiruka kutoka tuta hadi tuta. Kisigino chake kinatua pale hasa palipo dhaifu, kwenye mdomo wa ukingo. Mmoja hadhuru. Mia mbili, waliofuatana mahali pamoja, huacha pengo. Tuta huzuia maji kwa sababu ukingo wake una kimo kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Likipata pengo la upana wa mguu, maji yote ya ngazi hiyo hukimbilia hapo. Tuta la pili hupokea maji yake na ya jirani yake wa juu, la tatu hupokea ya matatu, na kufikia la tano hakuna ukingo unaoweza kuhimili. Wakulima wa Mbooni wanalijua jambo hilo vyema. Ndiyo maana mtoto anayekatiza kwenye matuta hukemewa hata na mtu asiyemjua.

Udongo unaotoka hauishii shambani. Vijito vya milima hiyo huingia katika mito ya mchanga ambayo hatimaye huungana na Athi. Njiani kuna mabwawa ya mchanga, kuta za zege zilizojengwa kukingama mito ya msimu ili mchanga ujikusanye nyuma yake na kuhifadhi maji ndani yake, mbali na jua. Bwawa la aina hiyo hutegemea mchanga mnene. Likijazwa tope laini, maji hayana nafasi ya kukaa, na akina mama wanaochimba visima vya mkono mtoni wakati wa kiangazi hulazimika kuchimba kwa kina zaidi na kupata kidogo. Mbali zaidi, kwenye makutano ya mito Thwake na Athi mpakani mwa Makueni na Kitui, kuna Bwawa la Thwake ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018. Mabwawa makubwa nayo adui yake ni tope.

Haya yote hayana maana kwamba watu wasikimbie Mbooni. Yana maana kwamba njia ichaguliwe na mtu anayejua maji. Wajenzi wa vijia duniani wana kanuni moja nyepesi: mwinuko wa kijia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa kilima kinachopita. Ikiwa ubavu una mwinuko wa asilimia 40, kijia kisizidi asilimia 20. Ukiwa asilimia 20, kisizidi 10. Kwa kufanya hivyo maji hukivuka kijia na kuendelea na safari yake badala ya kukifuata. Kanuni ya pili ni kwamba uso wa kijia uinamie kidogo upande wa bonde, na ya tatu ni kwamba kijia kirefu kisiteremke mfululizo. Kila baada ya mwendo fulani kipande kidogo, ili maji yaliyokwisha kuingia yalazimike kutoka. Wastani wa asilimia 10 ndio hudumu zaidi. Kwa bahati njema, huo ndio pia wastani unaopendelewa na kanuni za mbio za milima, kwa hiyo mwanariadha na mkulima hawana sababu ya kugombana.

Vijia vya zamani vya kwenda sokoni mara nyingi vinatimiza kanuni hizo bila aliyevipitisha kuwahi kuzisikia, kwa kuwa mtu aliyebeba gunia kichwani au ndoo mgongoni hapandi wima. Vile vya mkato, vinavyopendwa na vijana wasiobeba kitu, ndivyo vya kuogopwa. Mwandaaji wa mbio angefanya jambo la busara kuwauliza wanawake wa kijiji wanapita wapi wanaporudi na maji, kisha afuate hapo.

Ndani ya msitu mambo hubadilika. Sehemu za Mbooni zimepandwa misaipresi, misonobari na mikalitusi, na kila mti una tabia yake chini ya kiatu. Majani ya msonobari hutandaza zulia laini linalopendeza miguu lakini huficha mizizi na mawe. Chini ya mikalitusi nyasi ni chache, udongo uko wazi, na magome yaliyobanduka huteleza kama sabuni baada ya manyunyu. Penye miti ya kiasili udongo ni mweusi, umeshikwa na mizizi mingi na hunywa maji upesi. Vijia vya hapo ni imara, ila ndipo penye chemchemi na ndipo panapohitaji utulivu.

Kuna jambo jingine ambalo ramani hazilionyeshi. Katika milima ya Ukambani yapo mathembo, vichaka vitakatifu ambamo wazee walikuwa wakitoa sadaka na kuomba mvua. Miti ya hapo haikatwi. Baadhi ya watu leo huyaona kuwa mambo ya kale, wengine wanayaheshimu, na hata asiyeyaamini anakubali kwamba yamehifadhi miti mahali ambapo sheria ilishindwa. Kijia cha mbio hakina haki ya kupita humo, na anayetaka kujua mipaka yake hana budi kukaa na wazee na kuuliza.

Kisheria, msitu wa umma husimamiwa na Huduma ya Misitu Kenya, KFS, chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016. Sheria hiyo inazipa jamii zinazopakana na msitu nafasi ya kuunda vyama na kushiriki katika usimamizi. Mtu mmoja anayepita kwa miguu ni jambo moja. Mashindano yenye kamba, vibanda vya maji na magari ya wagonjwa ni jambo jingine, na yanahitaji idhini ya wasimamizi wa msitu pamoja na mazungumzo na chama cha jamii. Nje ya msitu idhini ni ya wenye mashamba. Vijia vingi vya Mbooni hupita kwenye ardhi ya watu binafsi kwa hisani ya ujirani. Hisani hiyo haimhusu mgeni aliyekuja na wenzake mia tatu wenye nambari vifuani.

Mfano wa msitu uliokubaliana na wakimbiaji uko Nairobi. Karura, ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwishoni mwa miaka ya 1990 usigawanywe kwa wajenzi wa majumba, ulikuwa bado unaogopwa na wakazi wa jiji kwa sababu ya wahalifu. Mwaka 2009 kiliundwa chama cha jamii kilichoshirikiana na KFS; ua ukazungushwa, vijia vikatunzwa, na njia panda zikapewa nambari ili mtu asipotee. Wageni hulipa kiingilio. Mbooni haiwezi kuiga kila kitu, maana haina mabalozi na matajiri wa kuchangia ua, wala ua wenyewe si jambo la busara mahali ambapo watu huingia msituni kutafuta kuni zilizoanguka na lishe ya mifugo. Lakini nambari kwenye njia panda ni kazi ya kibao na rangi. Zingeweza kumwelekeza mkimbiaji mbali na matuta na mathembo, na kumwezesha aliyeumia kueleza kwa simu mahali alipo.

Kuumia, tena, si jambo la kudhani. Wengi huogopa kupanda, ilhali kinachovunja mwili ni kushuka. Mwaka 2002 mwanafiziolojia wa Italia, Alberto Minetti, pamoja na wenzake, walichapisha vipimo vya nguvu ambayo mwili hutumia ukikimbia katika miinuko mbalimbali. Kwenye mpando mkali wa asilimia 45 mkimbiaji alitumia nguvu mara tano na zaidi ya ile ya tambarare kwa kila mita. Kwenye mteremko wa asilimia 20 alitumia karibu nusu tu. Mteremko unaonekana kuwa zawadi, lakini zawadi hiyo ina bei yake: misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki, ikijikaza huku ikivutwa, na namna hiyo ya kazi ndiyo inayoichana zaidi. Maumivu hayaji siku hiyo. Huja kesho yake na keshokutwa, pale mtu anaposhindwa kuketi bila kushika meza.

Kwa hiyo anayeanza aongeze mteremko kidogo kidogo, mara moja kwa wiki, hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo na macho yakitazama mita kadhaa mbele badala ya kwenye vidole vya miguu. Mwanafunzi wa Mbooni aliyeteremka kwenda shule kila siku kwa miaka minane amekwisha kulipa karo ya somo hilo. Mwanariadha wa barabarani kutoka Nairobi, hata awe na muda bora kiasi gani kwenye lami, hajalipa.

Kimo cha Mbooni, tofauti na wanavyodhani baadhi ya wenyeji, si kile cha Iten, ambayo iko karibu mita 2,400. Faida ya hewa nyepesi ipo lakini ni ndogo. Faida kubwa ya milima hii ni mwinuko wenyewe na tofauti ya joto kati ya chini na juu.

Hatari nyingine ni za kawaida na husahaulika kwa sababu hiyo. Bodaboda hushuka barabara za vumbi zikiwa zimezima injini ili kuokoa mafuta, bila mlio. Mbwa wa maboma hawajui tofauti ya mkimbiaji na mwizi. Kifutu hulala kwenye kijia chenye jua la asubuhi na hakimbii anaposikia kishindo; aliyeumwa asikatwe chale wala kufungwa kamba, bali atulizwe, kiungo kisitikiswe, na apelekwe hospitali haraka. Wanawake wanashauriwa wasikimbie peke yao msituni, na ushauri huo ungefaa wanaume pia. Ukungu ukishuka, mtu asikisie njia. Asubiri au arudi alikotoka. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na chini ya miti giza huingia mapema zaidi.

Misimu nayo ina neno lake. Ukambani una mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, na hizi za pili ndizo ambazo wakulima huzitegemea zaidi. Aprili na Novemba ndiyo miezi ya maji mengi, na ndiyo miezi ambayo matuta hufanya kazi yake yote na hayahitaji mguu wa ziada. Juni hadi Septemba ni baridi na kavu, ingawa manyunyu ya milimani hutokea. Januari na Februari ni kavu na joto. Mashindano yakiwekwa katika vipindi hivyo viwili, kijia hupata nafasi ya kupona kabla ya mvua. Siku za katikati, pale ambapo mvua imenyesha usiku na jua limewaka asubuhi, kipimo ni rahisi. Mkimbiaji akanyage mara moja na kuinua mguu. Unyayo ukibaki umejaa maji, kijia hicho hakiko tayari, na kwa siku hiyo akimbilie ukingo wa barabara ya magari, hata kama unachosha.